Mombasa Chini ya Tivii

Nyumba yetu ya Tabata ina vyama viwili ambavyo hakuna msajili aliyepata kuvisajili. Kimoja ni cha kitabu. Mwenyekiti wake ni wifi yangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Shangazi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyehamia kwetu na begi moja la nguo na maboksi ya vitabu yaliyoziba korido mpaka leo. Cha pili ni cha filamu, na mwenyekiti wake ni mdogo wake wa tumbo moja, yaani Baba Watoto, mtu anayeamini kwamba kitabu chochote cha maana ipo siku kitatengenezewa filamu, basi mwenye subira hana sababu ya kuumiza macho.

Ubishi wao niliukuta, sikuuleta. Silaha kubwa ya Baba Watoto ni The Godfather. Kitabu cha Mario Puzo kilitoka 1969, filamu ikatoka 1972, na Puzo mwenyewe alishiriki kuandika skripti. "Mwenye kitabu karidhia," husema, "wewe dada ni nani mpaka unune?" Shangazi humjibu bila kuinua kichwa kwenye mchele anaochagua kwamba ujana wa Don Vito umo ndani ya kitabu hicho hicho, lakini watazamaji walisubiri mpaka filamu ya pili, ya 1974, ndipo wakaonyeshwa. Aliyesoma alijua zamani. Asiyesoma alikaa miaka miwili akimwogopa mzee bila kujua katoka wapi. Baba Watoto hapo hudai chai.

Na ana unafiki wake. Kabatini kwake, chini ya mashati, kuna vitabu vya Elvis Musiba vilivyochakaa kwa kusomwa. Siku moja nilimwuliza angependa nani amwigize Willy Gamba, shujaa wa vitabu hivyo. Akaniangalia vibaya mno. "Willy Gamba asiguswe," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka ule Binti alikuwa kidato cha sita, mchepuo wa HKL, na mojawapo ya riwaya alizopangiwa ilikuwa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Shangazi alifurahi kupita kiasi. Alikuwa na nakala yake mwenyewe, ya Mkuki na Nyota, kitabu kilichotoka 1999, jalada limeshikizwa kwa solotepu na pembezoni mwa kurasa pana maandishi ya penseli ya mwaka baada ya mwaka: hapa ndoa ya kulazimishwa, hapa ubaguzi wa rangi, hapa waulize kuhusu Koplo Matata. Alimkabidhi Binti kwa mikono miwili. Binti akakipokea, akakisoma, na alivyokisoma ni siri yake na Mola wake. Karatasi ya pili ya Kiswahili inataka hoja tatu kutoka kila kitabu. Akishapata hoja tatu, mtoto wa siku hizi hukifunika.

Ndipo akaja na habari kwamba filamu ipo. Alivyoipata sikuuliza, naye hakueleza. Ilikuwa kwenye flashi, imefungwa kwenye kitambaa cha kufutia miwani. Baba Watoto aliipokea habari hiyo akasimama. Ndani ya saa moja alikuwa ameshajua kila kitu na anatuhutubia: imeongozwa na Amil Shivji, mtoto wa Profesa Issa Shivji, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, mwaka uliofuata ikapelekwa kuwania Oscar kwa niaba ya Tanzania, na kabla yake nchi hii ilikuwa imepeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001.

"Sasa niambie kitabu chako kimefika wapi," akamwambia dada yake.

"Kidato cha sita," Shangazi akasema. "Kila mwaka."

Jumamosi ikapangwa. Luku ikaongezwa. Baba Watoto alisogeza makochi, akatandika mkeka mbele, akamketisha Kitinda Mimba karibu na tivii na sinia la bisi, na kumkabidhi rimoti kwa masharti ya kutoishika. Bibi, mama yao, tukamweka kwenye kiti chake cha mikono, katikati. Bibi presha ya macho ilishamnyima nuru karibu yote. Anachobakiwa nacho ni kujua kama taa imewashwa au imezimwa. Kwa hiyo alikuwa mtu pekee nyumbani asiye na chama. Kitabu husomewa, filamu husimuliwa, na vyote viwili huvipokea kwa sikio.

Nami niseme msimamo wangu, maana nitaulizwa. Mimi ni wa kitabu, lakini sababu yangu si ya kisomi. Filamu haijawahi kumsubiri mtu anayepika. Nimeona mianzo mingi ya filamu na miisho mingi. Sehemu za kati nimezisikia nikiwa jikoni, nikakisia nani kapigwa kofi. Wanaume wa nyumba hii wakisema "tuliangalia wote," mimi huwa nimeangalia robo. Riwaya ukiichomekea kibanio cha nywele kwenye ukurasa, ukaenda kugeuza samaki, ukamwosha mtoto, ukajibu hodi, ukirudi Yasmin wa Vuta N'kuvute bado yuko dirishani pale pale ulipomwacha. Hakuna aliyemsogeza.

Basi filamu ikaanza, nami nikiwa mlangoni na mwiko.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Bibi. Filamu ile ina maneno machache. Watu wanaangaliana, mwanga unapita, mtu anashuka ngazi, na Bibi anasikia nyayo tu. "Vipi?" akauliza. Watu watatu wakamjibu kwa pamoja.

"Wanaangaliana," akasema Baba Watoto.

"Yasmin ameshajua kwamba huyu si mtu wa kawaida," akasema Shangazi.

"Bibi, hiyo rangi ya ukuta, natamani uione," akasema Binti.

Bibi akageuza kichwa kufuata kila sauti. "Sasa nimwamini nani?"

Ikaamuliwa wapokezane. Haikusaidia. Baba Watoto alimsimulia mama yake filamu ya mapigano: huyu anamfuata yule, askari yuko nyuma, shika hapo. Binti alisimulia nguo. Shangazi, ikifika zamu yake, hakuangalia tivii hata kidogo. Alikuwa anasimulia kitabu. Denge wa kwenye kioo alipoingia, Shangazi akamweleza Bibi kijana mwembamba, mwenye miwani, anayetembea ameinamisha shingo.

"Miwani iko wapi?" Binti akauliza. "Hana miwani. Hata kitabuni sikumbuki miwani."

"Si lazima iandikwe. Nimemfundisha Denge huyu tangu hujaingia shule. Anayo miwani."

Hapo nilimhurumia kidogo. Amekaa na mtu kichwani miaka yote hiyo, amempa sura, mwendo na miwani, halafu usiku mmoja anakuja kijana mzuri, mwenye mabega, anaambiwa huyu ndiye. Gudrun Columbus Mwanyika, aliyemwigiza Denge, hana kosa lolote. Kosa lake ni kuonekana.

Lakini kuna mahali chama cha kitabu kilinyamaza chenyewe. Mwajuma alipoimba. Kitabuni unaambiwa Mwajuma anaimba, na kila msomaji anaazima sauti mahali: mimi nilikuwa nimempa ya jirani yetu wa zamani wa Ilala, Shangazi sijui alimpa ya nani. Ndani ya filamu Mwajuma ni Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar hasa, na sauti ilipotoka Bibi akanyoosha mkono akiwaashiria wasimulizi wote wanyamaze. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo hakufundishwa kwa ajili ya picha. Huyo katoka nayo kwao."

Bibi anajua anachosema. Alizaliwa Ng'ambo kabla Vita Vikuu vya Pili havijaisha, na miaka ambayo Denge na wenzake wanafichaficha makaratasi yao, yeye alikuwa msichana anayetumwa dukani. Alitaka kujua wenye filamu wameipata wapi Ng'ambo ile. Swali la haki. Ile hori iliyoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili ilifukiwa, na baada ya Mapinduzi ya 1964 yakapitishwa katikati ya Ng'ambo yale maghorofa marefu ya Michenzani, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Mwandishi wa riwaya anaijenga upya kwa sentensi mbili, udongo na makuti, wala hahitaji kibali. Mwenye kamera anatakiwa atafute ukuta uliosalia, kisha aombe kila mwenye dishi la satelaiti aliondoe paani. Nikifikiria kazi hiyo, namsamehe mambo mengi.

Shangazi yeye hakusamehe. Filamu inamkutanisha Denge na Yasmin usiku, binti wa watu akiwa njiani kwenda kuolewa. Shangazi aliliona hilo akaruka kutoka kwenye kochi kwa wepesi ambao magoti yake huwa yanadai hayana.

"Bado! Bado hawajajuana! Kwanza aolewe na Raza, akae naye, wahamie Mombasa, amjue Bukheti, atoroke, ndugu zake wamkatae, Mwajuma ampokee. Ndipo Denge!"

"Dada, filamu ni saa moja na nusu," Baba Watoto akasema.

Nakiri ana hoja. Shangazi akisoma kwa sauti saa moja na nusu, Raza hajamaliza hata kufunga duka. Mtengeneza filamu lazima achague amtupe nani baharini, na huanza na anayemchelewesha kijana na binti kuonana. Lakini jibu la Binti ndilo lililotuzamisha sote.

"Mombasa gani, Shangazi?"

"Mombasa ya Raza."

"Kitabuni hakuna Mombasa. Wanatajataja tu kwamba alikwenda. Filamu iko sawa."

Sebule ikawa kimya. Shangazi akasema kwa sauti ya darasani, ile ya chini inayotisha: "Simamisha."

Kitinda Mimba, aliyekuwa amengoja ruhusa hiyo tangu mwanzo, akabonyeza rimoti. Yasmin akaganda kwenye kioo, uso nusu gizani. Binti akaletewa kitabu akifungue mwenyewe. Akafungua. Raza yupo, duka lipo, Unguja ipo. Ukigeuza ukurasa unaofuata, Yasmin tayari anarudi. Katikati pana uzi mtupu wa mshono na masalio ya gundi.

"Na Bukheti?" Shangazi akauliza. "Mwisho wa kitabu Yasmin anaolewa na Bukheti. Ulidhani katokea wapi?"

"Nilidhani ni sadfa," Binti akasema. "Niliandika kwenye zoezi, mwandishi ametumia sadfa. Mwalimu akanipa vema."

Shangazi akakaa chini.

Uchunguzi ukafunguliwa palepale, filamu imesimama na bisi zinapoa. Dada wa kazi alisema yeye vitumbua hufungia gazeti, kitabu hakigusi, kina wino mbaya. Kitinda Mimba alipekuliwa. Zilipatikana ndege za karatasi chini ya godoro, zote za daftari la hisabati, jambo lililofungua kesi nyingine ambayo haihusiki hapa. Baba Watoto aliulizwa aseme kweli kama aliwashia jiko siku mkaa ulipoloa. Aliapa. Aliapa kwa kitu ambacho hata mimi nilikiamini. Shangazi akaanza kutaja wageni waliowahi kulala kwenye korido, mmoja baada ya mwingine, pamoja na tabia zao.

Bibi ndiye aliyetatua.

"Ile meza ya tivii," akasema, "zamani mtu akipita ilikuwa inalia. Kwik, kwik. Nilikuwa najua nani kapita kwa ilivyolia. Tangu aje fundi kuifunga hii tivii kubwa, hailii. Mliiwekea nini?"

Wote tukaitazama stendi. Sakafu yetu pale kwenye kona ina kigae kilichozama. Baba Watoto akalala kifudifudi na tochi ya simu, akachungulia, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ipo," akasema. "Mombasa ipo huku."

Ilikuwa imekunjwa mara nne, imebanwa na mguu wa nyuma wa kushoto.

Mtu mwenye akili timamu angezima tivii, akaishusha, akaiegemeza ukutani, kisha akainua stendi. Nilisema hivyo. Nililisema nikiwa jikoni, na kinachosemwa jikoni katika nyumba hii hufika sebuleni kikiwa kimechelewa. Baba Watoto akainua stendi upande mmoja kwa bega. Shangazi akapiga magoti na kuanza kuvuta, taratibu, kwa ncha za vidole, asije akachana ukurasa. Kitinda Mimba akaambiwa ashike tivii kwa mikono miwili. Aliishika kwa mmoja, maana wa pili ulikuwa na rimoti, na kwa kuwa kaona watu wazima wote wameinama, akaona ndiyo nafasi ya kuendeleza filamu.

Muziki ukalipuka. Shangazi akashtuka na kuvuta kwa nguvu. Karatasi zikatoka nzima, stendi ikakaa kwenye kigae kilichozama, na tivii ikapiga magoti kwanza, ikafikiri, kisha ikalala kifudifudi juu ya sinia la bisi.

Hatukuumia. Mlio wa kioo haukuwa mkubwa kama nilivyotarajia, ulikuwa wa mtu aliyekanyaga biskuti. Baba Watoto alipoinyanyua, kioo kilikuwa cheusi chote isipokuwa mstari mmoja wa kijani unaokwenda mshazari, na nyuma ya weusi huo watu waliendelea kuzungumza. Denge alikuwa anasema neno. Mtu akafunga mlango.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi akauliza. "Si inaendelea?"

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Baba Watoto aliketi na tivii mapajani, amekumbatia, macho kwenye ule mstari wa kijani. Bibi akangoja msimulizi, hakupata. Kumbe sasa wote tulikuwa tumekaa upande wake.

"Basi nyamazeni niwaambie," akasema. "Hayo ni maji yanakupwa, yakijaa hayalii hivyo. Huyo anayekuja kavaa buti, ni askari, lakini si mzungu, mzungu hatembei kwa kuburuza kisigino. Huyo mwanamke amekaa chini, sauti yake inatoka chini. Analia, hataki ajulikane. Sasa kanyanyuka."

Aliendelea hivyo. Sijui alipatia kiasi gani, na hakuna wa kumpinga aliyeweza kuona kuliko yeye. Binti alisahau kuangua kicheko. Shangazi, mwenye Mombasa kifuani, alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, anasikiliza filamu kwa mara ya kwanza usiku ule. Nami nilizima jiko nikaja kukaa. Ilipofika mwisho, ukaja muziki, Bibi akasema majina ya watu ndiyo yanapita hayo, tunaweza kwenda kulala.

Jumapili baada ya kanisa na baada ya chai, Shangazi aliomba pasi. Karatasi zile zilikuwa na alama ya mguu wa stendi, duara kamili, imepenya kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na katikati yake palikuwa na mende aliyekaushwa vizuri. Alitandika khanga mezani, akaweka ukurasa, akaufunika kwa khanga nyingine, akapiga pasi ya moto mdogo. Harufu ya gundi ya zamani ikajaa nyumba. Ukurasa mmoja ulibabuka pembeni kidogo, naye akauomboleza kwa jina lake kamili. Kisha akamwita Binti, akamwambia asome kwa sauti, Bibi asikie, na asiruke hata nukta.

Kwa hiyo Mombasa tuliisomewa uani, mimi nikimenya viazi. Na nilifaidika, kwa sababu safari hii sikukosa robo tatu.

Aliyebadilika zaidi mikononi mwetu ni Raza. Binti alikuwa amemchukia kwa haki zote: mzee aliyempita binti wa watu umri mbali, kapewa mke kwa nguvu ya wazazi. Filamuni ukimwona unajua ufanye naye nini. Lakini kurasa zina tabia ya kukukalisha na mtu usiyempenda mpaka umzoee. Binti alisoma, akasita, akasoma tena. "Kumbe na huyu anaumia," akasema, na alilisema kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa adui. Bibi hakuona ajabu. Alisema wanaume wa aina ile aliwajua, walikuwa wanafunga duka mapema wakae na mke, na mke alikuwa anaomba wateja waongezeke.

Kutoka hapo tukajikuta kwenye sinema za ujana wake. Unguja ya miaka ya 1950 picha za Kihindi zilikuwa hazipishi, Awaara ya Raj Kapoor ikiwa ndiyo mfalme, na palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Wenye waume wakali hawakwenda. Basi aliyekwenda alikuwa na deni: usiku, barazani, awasimulie waliobaki, wimbo kwa wimbo. Bibi alikuwa msimuliaji wa mtaa. Picha iliyompa sifa ni Devdas ya Dilip Kumar, ile ya 1955. Anasema aliisimulia mpaka watu wakawa wanaleta watoto wao.

"Devdas ni riwaya, Mama," Shangazi akasema kwa upole. "Ya Sarat Chandra Chattopadhyay. Ilichapishwa 1917."

Bibi aliduwaa. "Kitabu?"

"Kitabu."

"Na yale niliyoongeza mimi, yamo?"

Shangazi, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hajamsamehe mtu yeyote kwa kuongeza jambo lisilokuwemo kitabuni, alifikiri sana kabla ya kujibu. Akasema huenda yamo.

Binti alifanya mtihani wa moko wiki chache baadaye. Swali lilimtaka aeleze nafasi ya mwanamke katika riwaya mbili. Alieleza vizuri, kwa hoja tatu tatu, ila katika hoja ya pili Yasmin alikutana na Denge usiku akiwa njiani kwenda kuolewa, na katika hoja ya tatu alikuwa ameshakimbia kutoka Mombasa kwa mume huyo huyo ambaye hajamfikia. Kalamu nyekundu iliandika pembeni: Amesafiri lini? Baba Watoto alitaka kwenda shule kutetea kwamba filamu nayo ni chanzo halali, imefika Toronto. Nilimfichia viatu.

Fundi alikuja siku aliyopenda yeye. Ni yule yule aliyeifunga tivii. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa, akainamia maiti akaifungua mgongo. Kioo kimekwenda, akasema, na kioo kipya bei yake inakaribia ya tivii nzima, mama, nisikudanganye. Nikamwuliza kuhusu karatasi. Hakukana. Alikikuta kitabu sakafuni, kurasa zimeshalegea zenyewe, akaona hazina kazi, na stendi ilikuwa inacheza.

Nilitegemea Shangazi atamrukia. Shangazi hata hakumsikia. Alikuwa uani, mlango wazi, anamsomea Bibi kwa mara nyingine kwa kuwa Bibi alidai Binti hasomi kwa mkazo unaotakiwa. Walikuwa Mombasa. Fundi akatoa skrubu moja, akairudisha, akaitoa tena. Akavuta kigoda chake hatua moja kuelekea mlangoni.

"Samahani," akasema mwishowe. "Huyo mzee anajua kwamba huyu kijana wa jirani..."

"Kaa kimya wewe," Bibi akasema. "Hajajua."

Fundi akakaa kimya. Alipoondoka jioni, Baba Watoto alimwuliza anadai kiasi gani kwa kazi ya siku nzima ya kutuambia tivii imekufa. Akasema hadai kitu, ila kesho atapita tena, kuna waya anataka kuuangalia.

"Waya gani?" Baba Watoto akauliza.

Fundi akasema ataujua akifika.